Kola ya Kashindi

Siku ile, kabla ya yote, nilikuwa nimegombana na mdogo wangu Kashindi kwa ajili ya sindano. Alivunja sindano ya cherehani yangu akijaribu kushona mkoba wake wa shule, kisha akakana macho makavu. Mimi mdomo wangu haujui kupumzika. Nilimsema tangu asubuhi mpaka mama akatukemea kutoka jikoni tunyamaze, ugali umeiva. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi, yaya wake, yaani dada mkubwa, ishirini na tatu, fundi wa nguo pale Uvira, na nilidhani sindano ni jambo kubwa.

Wiki hiyo hiyo wanajeshi wa kigeni wakaingia mjini, wakimfukuza rais aliyetutawala tangu mama akiwa msichana. Tuliwapokea, sitadanganya. Mama alikata majani ya mchikichi akacheza nayo barabarani. Askari wao mmoja aliniletea suruali nimpunguzie, akaniita dada, akashukuru vizuri. Nikasema, hawa ndio watu.

Rais akakimbia. Wao wakabaki. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa tuliwapa jembe, wakachukua na shamba. Waliweka kizuizi darajani, na siku moja baba alichelewa kutoa kitambulisho, wakampiga kofi mbele ya Kashindi. Baba alikuwa amefundisha nusu ya mji ule kusoma. Aliokota miwani yake, akaifuta, akarudi nyumbani na Kashindi.

Wiki iliyofuata Kashindi alipanda mlimani kwa wapiganaji wa msituni.

Vijana waliozaliwa hapa Johannesburg huniuliza tulikuwa upande wa nani. Eish, hilo ni swali la mtu aliyeshiba. Wageni tuliwaogopa. Wale wa msituni walikuwa watoto wetu, tuliwaombea kanisani, na waliposhuka kutafuta mbuzi tuliwaficha mbuzi vilevile. Mbuzi aliyeliwa na mwanao harudi zizini. Mimi upande wangu ulikuwa mmoja tu: Kashindi arudi.

Alirudi mara moja tu, mchana, baada ya miezi saba.

Wapiganaji wale walinyunyiziwa maji ya dawa yaliyosemwa kwamba yanazuia risasi, na maji hayo yalikuwa na miiko. Mpiganaji asiguswe na mtu asiyenyunyiziwa. Asipokee kitu mkono kwa mkono. Mji mzima uliijua miiko hiyo, na hata mama, mtu wa kanisa, hakubishana nayo. Aliweka sahani ya ugali na dagaa chini, akarudi nyuma hatua tatu, ndipo mwanawe akaiinua. Alisimama akimtazama anavyokula, mikono ameikunja ndani ya kitenge ili isimponyoke.

Mimi nilikuwa nimemshonea shati la bluu, kwa kumkumbuka tu, bila kumpima. Nililiweka juu ya kiti. Mama alipoingia jikoni kuchota maji, Kashindi akalivaa. Lilimpwaya mabegani, maana alikuwa amekonda sana, na kola ilikuwa imejikunja upande wa kushoto.

Mkono wa fundi hauombi ruhusa. Niliinyoosha kola. Kidole changu kikagusa shingo yake.

Tukaganda wote wawili.

"Yaya," akasema polepole.

"Nimesahau. Kashindi, nimesahau."

"Acha. Nitaenda kwa mzee aninyunyizie tena." Akatabasamu, yule mvunja sindano. "Usimwambie mama."

Nje mwenzake akapiga mluzi. Wageni walikuwa wanakuja.

Kashindi akatoka kwa mlango wa nyuma.

Tukalala sakafuni, mama, baba na mimi. Milio ilitoka upande wa daraja.

Kisha kimya.

Jioni tuliambiwa amekufa. Mwili hatukupewa. Mama aliishi miaka kumi na mmoja zaidi akijiuliza alikosea wapi, maana miiko yote aliishika. Sikumwambia. Alikufa na swali lake, nami nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo. Nilimuua mdogo wangu kwa kidole. Nilikuja na jibu hilo, nchi baada ya nchi, mpaka hapa Malvern, barabara ya Jules, ambako nina cherehani mbili na binti anayeelewa Kiswahili changu lakini hunijibu kwa Kizulu.

Mwezi uliopita mlinzi wa duka la jirani, Mkongomani aitwaye Amisi, aliniletea suruali ya sare niipunguze. Tukaulizana kwetu ni wapi, kama kawaida yetu. Akataja Uvira. Akataja mlima, kisha daraja. Nikamwuliza kama alimjua Kashindi.

"Wa shati la bluu?" akasema. "Lile lililompwaya?"

Niliweka mkasi chini. Nikamweleza yote, kola na shingo, mtu wa kwanza kuyasikia. Nilipomaliza Amisi alivuta kiti akakaa.

"Mama, alinyunyiziwa upya. Nilikuwepo. Mzee alikuwa nasi kando ya mto, na tulimcheka Kashindi, maana alisema dada yake hawezi kuona kola imepinda akaiacha. Tulikwenda darajani watu kumi na wanne. Wengine hakuna aliyekuwa ameguswa na mtu. Tulirudi watatu."

Nililia mbele ya mteja, jambo ambalo sijawahi kufanya. Amisi alitazama nje, kwenye magari yaliyosimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akaniacha nilie.

Basi sikumuua. Nilifurahi, nasema kweli, kwa muda mfupi kama wa mtu kuvuka barabara. Halafu likaja jingine. Kama maji yale hayakuwa kitu, basi ningeweza kumkumbatia. Mama angeweza kumpa sahani mkononi, akamshika uso, akamlisha kama mtoto mchanga akitaka, na risasi ingemchukua vilevile. Alikaa nyumbani kwetu karibu saa nzima, ana njaa, amekonda, na sisi tuliompenda tulisimama mbali naye kwa kumpenda.

Miaka yote hii nilijuta kwamba nilimgusa. Sasa kile kidole ndicho pekee tulichompa, na namkumbuka nacho kila ninaponyoosha kola ya mtu. Shingo yake ilikuwa na joto.