Likizo Tuliyokula Shuleni

Harufu ya maharage yanayochemka juu ya kuni zilizolowa mvua hunirudisha Nyegezi mpaka leo, kwenye mtaa wetu wa nyumba zilizopandana juu ya mawe, ziwa likichungulia chini kati ya bati na bati. Nilikuwa darasa la nne, na mdogo wangu Masanja ndiyo kwanza amemaliza la kwanza. Wenzetu waliingoja likizo ya Desemba kwa hamu. Sisi tuliiogopa, kwa sababu shule ikifungwa, uji wa saa nne nao ulifungwa, na nyumbani kwetu mwaka ule saa nne ilipita kama saa nyingine yoyote.

Baba alikuwa mkata minofu ya sangara kiwandani, mtu aliyezoea kurudi na vichwa vya samaki vya kutosha kugawia majirani. Samaki walipopungua ziwani, kiwanda kilipunguza watu, naye akawemo. Tangu hapo alishuka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kila alfajiri kutafuta kibarua, na jioni akarudi na harufu ya samaki bila samaki mwenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Majirani walituona tukipita na sare safi, nywele zimechanwa, wakadhani tumejaliwa. Mama naye hakumwambia mtu.

Likizo ile halmashauri ilileta shuleni unga, maharage na dagaa, ili akina mama wa mtaa wawapikie mchana watoto ambao kwao hali ilikuwa ngumu. Mtendaji wa mtaa, dada mmoja kijana, alipita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa. Kwetu alimwamkia baba kwa adabu, akaeleza taratibu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, binti yangu," alisema. "Wapelekee wenye shida. Hawa wana baba."

Mama alikuwa akichambua mchicha na hakuinua kichwa. Asubuhi iliyofuata, baba alipokwisha kushuka mwaloni, mama alitukabidhi sahani zetu za bati. "Nendeni," alisema. "Mwenye njaa hana mwiko." Tukaenda, siku ile na nyingine baada yake. Ugali ulikuwa wa moto hata ukachoma vidole, na dagaa waliungwa kwa nyanya. Masanja akaanza tena kufukuza mpira wa makaratasi uwanjani, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimemwona akikimbia.

Kisha ikaja siku ambayo baba alikosa kibarua, akarudi mapema kwa njia ya shuleni, akatuona kwenye foleni. Hakufoka. Alitushika mikono, tukatoka na sahani tupu, watoto wote wakitutazama.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia mama tulipofika.

"Sikukuvua, Baba Neema. Nimewalisha."

Mchana ule moto haukuwashwa. Masanja alilala ameegemea mlango, mdomo wazi. Baba alimbeba mpaka kitandani, akaketi kando yake. Nilimwona akiinua shati la mtoto taratibu, akazitazama mbavu zake, kisha akalishusha na kubaki pale mpaka jua likazama.

Kesho yake hakwenda mwaloni. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe la kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. "Chukueni sahani," alituambia. Njiani alimsalimia kila jirani kwa sauti. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho mkononi mwangu. Mtendaji alikuwa jikoni na akina mama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimewaleta watoto wangu."

"Karibuni, baba. Chakula kiko tayari."

Alisimama kando ya ukuta mpaka tukamaliza kula, kisha akateremka kwenda kutafuta kazi na shati lake lile jeupe. Alitupeleka hivyo hivyo mpaka shule zilipofunguliwa.

Leo naishi Buzuruga, na kwa watoto wangu likizo ni kuchelewa kuamka na kulalamika kwamba mkate hauna siagi. Shule nyingine bado hupika wakati wa likizo. Nyingine majiko yake hupoa siku wanafunzi wanapofunga shule, na sijui watoto wake wanakula wapi. Mwaka jana nilimuuliza baba, ambaye sasa ni mzee, kama anaikumbuka Desemba ile. "Kuwatoa kwenye foleni kulikuwa rahisi," alisema. "Kuwarudisha ndiyo ilikuwa kazi." Nina mshahara, nina unga wa kutosha ndani, na watu huniita mama mwenye msimamo. Lakini kila ninapojipima na mtu yule aliyekuwa hana kitu, sina hakika kwamba ningeweza kuvaa nguo yangu nzuri kuliko zote na kuwapeleka wanangu mchana kweupe, mtaa mzima ukiniona.