Kugeuka Katikati ya Bwawa

Nilirudi kwenye mashindano ya kuogelea nikiwa na miaka hamsini na miwili, haya ya watu wazima yanayoitwa masters, na sababu yangu haikuwa afya kama nilivyowadanganya wenzangu wa ofisini. Ujanani niliiwakilisha nchi kwa miaka saba, na baba yangu hakuwahi kuniona hata siku moja. Mara ng'ombe, mara kiangazi, mara ukaidi wake tu. Sasa presha ya macho ilikuwa inammaliza polepole, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilitaka anione kabla ya giza.

Mazoezi nilifanyia kwenye bwawa la hoteli moja hapa Kitengela, la mita ishirini na tano. Maji yake ya kisima yalikuwa meupe kama chai iliyozidishwa maziwa, ukuta huuoni mpaka ukugonge. Kwa hiyo nilihesabu. Mikono kumi na minane, najipindua kichwa chini, nausukuma ukuta kwa miguu, narudi. Nikishazama kwenye hesabu hiyo, malori ya simiti barabarani yalinyamaza na umri wangu ukanitoka. Asubuhi nyingine sikujua kama niko macho. Nilikuwa naona mbuga za Kajiado zikipita chini yangu, nyasi zote zimelalia upande mmoja, nami naelea juu yake bila haraka ya kufika popote.

Nilipokwenda nyumbani kumwalika, baba alitaka aelezwe vizuri.

"Unaenda mpaka ng'ambo, halafu?"

"Narudi, Papa."

"Pale pale ulitoka?"

"Pale pale."

"Na hakuna kitu umeleta." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza ni siku gani.

Siku yenyewe ilikuwa Nairobi, kwenye bwawa la mita hamsini. Kaka yangu alimkalisha safu ya mbele. Nikiwa nimesimama tayari kuruka nilimtazama, nikaona ameelekeza uso upande ambao hapakuwa na mtu. Roho iliniuma. Tulikuwa wanawake sita, na wote tulikuwa tumevalishwa kofia nyeupe za mpira zinazofanana. Hata mwenye macho mazima angehangaika kututofautisha.

Filimbi ikalia, nikaruka. Maji yalikuwa maangavu, baridi, matamu, yakanipokea kana kwamba sikuwahi kuondoka. Mbuga zikaanza kupita chini yangu. Sikuhesabu kwa makusudi, mwili ndio uliohesabu, na mkono wa kumi na nane ulipomalizika mwili ukajipindua wenyewe. Miguu ikasukuma ukuta ambao haukuwapo.

Nilining'inia pale katikati ya bwawa, sijui mbele ni wapi wala nyuma ni wapi. Nilipojiweka sawa wenzangu walikuwa wameshaniacha mbali. Nilimaliza wa mwisho, nikatoka majini na hasira ya kumtafuna mtu. Mara moja tu maishani amekuja, nami nikamwonyesha upuuzi.

Nilimwendea huku nachuruzika, nikavua kofia, nikainamisha kichwa kama kwetu tunavyowasalimia wazee. Akaniwekea kiganja kwenye nywele zilizolowa, akakiacha hapo.

"Nakerai, mwanangu," alisema, "wote mlikuwa povu na kofia moja. Nikasema, leo nimekuja bure. Halafu mmoja akageuka peke yake, katikati, hata hajafika. Nikasema, huyo ni wangu. Kutoka hapo sijakuacha mpaka ukamaliza."

Nililia mbele za watu, kwa furaha, wala sikuona haya. Baba alisubiri nitulie, kisha akaniuliza mbona wale wengine hawakugeuka pale.

Nikamwambia walikuwa bado wanajifunza.