Mpiga Mbiu Aliyekatazwa Watu

Katika mji wa Chanjaani, kisiwani Pate, Gharib bin Badawi alikuwa mtu mpole asiyesikika hata nyumbani kwake, mpaka ashike pembe. Ilikuwa pembe ya nyati, aliyoachiwa na babake pamoja na kazi yenyewe ya kupiga mbiu. Miaka ishirini na miwili aliipuliza kila asubuhi, na watu wakaacha chai ipoe wakaja uwanjani kusikia mbuzi wa nani kapotea, nani kafariki, kisima kipi kinasafishwa. Hakuwa na shamba wala chombo cha kuvulia. Bila pembe, alisema mwenyewe bila haya, yeye ni mashavu tu.

Mwaka wa 1957 ikaingia homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, na nyuma yake akaingia karani wa afya, Bwana Athman, kijana wa soksi ndefu na makaratasi mengi. Akampa Gharib amri ya kutangaza: ni marufuku watu zaidi ya kumi kukusanyika.

Gharib akapuliza. Wakaja watu mia mbili, wakabanana, wakakoholeana, wakasikiliza kwa adabu kwamba wasije. Amri waliipenda sana. Wengine wakamwomba airudie.

"Umewakusanya!" Athman akafoka.

"Sasa niwambieje wasikusanyike, Bwana, nao hawayakusanyika?"

Karani akamwagiza apite nyumba kwa nyumba, bila pembe. Haya. Akaanza kwa Bi Umulkheir, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Pembe imelia?"

"Haikulia."

"Basi hiyo si amri, ni umbea. Shika ndia yako, Bwana Gharib." Akafunga mlango.

Siku ya pili Gharib akabuni lake: atapuliza huku anatembea, asisimame, ili watu wasipate pa kukusanyika. Watu wakamfuata. Alipokaza mwendo wakakaza, alipokata kona wakakata, wakauzunguka mji mara tatu, na wagonjwa nao wakatoka vitandani wasije wakapitwa. Karani aliwangoja mwisho wa mji, ametuna kwa hasira. Akasema watu wakikusanyika tena kwa sababu ya Gharib, pembe itachukuliwa.

Asubuhi iliyofuata hakupuliza. Alijilaza, pembe ameikumbatia, anaogopa hata kukohoa. Saa mbili akasikia minong'ono nje, kisha kilio cha wanawake. Akachungulia dirishani. Mji wote ulikuwa mlangoni kwake, na jeneza la msikiti mbele.

"Leo pembe haikulia," Bi Umulkheir alikuwa akiwaeleza, anajifuta machozi kwa buibui. "Maskini, amekufa, na hakuna wa kututangazia."

Gharib akatoka mbio. "Mimi ni mzima! Rudini mayumbani!"

Bi Umulkheir akamtazama juu mpaka chini. "Pembe imelia?"

Mwisho wa njia Athman alikuwa anakuja, karatasi zinampepea. Asipopuliza, umati hautaondoka. Akipuliza, ushahidi uko mdomoni. Gharib akavuta pumzi akapuliza, mlio mrefu kuliko yote aliyowahi kuitoa. Watu wakasema alhamdulillahi, wakabeba jeneza lao, wakaenda zao. Karani alipofika alikuta mtu mmoja tu, lakini umati alikuwa ameshauona. Akanyoosha mkono. Gharib akamkabidhi pembe kwa mikono miwili.

Ikawa Athman anapuliza mwenyewe. Ilitoka sauti ya ng'ombe aliyekwama matopeni. Hakuja mtu hata mmoja. Uwanja ulikuwa mweupe, amri ikatimia sawasawa, na Gharib ndani kwake akalia kwa uchungu.

Wiki ya tatu homa ikapungua. Karani akabisha hodi, midomo imemvimba, pembe mkononi.

"Bwana Gharib, kuna tangazo. Watu wameruhusiwa kukusanyika." Akasita. "Nimepuliza tangu alfajiri. Hawaji."

Gharib akaipokea pembe. Akapangusa pale pa kupulizia kwa upindo wa kikoi, akapangusa tena, akatoka kuwaita watu wake.