Nilipoandika “Ana Uwezo”

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Kisii miaka ya sitini, Muuguzi Mkuu alinikagua kucha kabla ya salamu. Kisha akanipa faili.

“Binti, mgonjwa akilazwa andika riziki yake inatoka wapi. Halafu andika ni nani anakuja kumwona. Hilo la pili usilisahau.”

“Ndiyo, Sista,” nikajibu, huku moyoni nikiona la pili ni umbea mtupu.

Miaka ya sabini nilihamishiwa kituo cha afya karibu na Kebirigo, chini ya Msaidizi wa Daktari, mtu mkali kama pilipili. Nilisimamia wagonjwa wa saratani wenye barua ya rufaa, yaani barua ya kuwapeleka Nairobi kupigwa miale, matibabu ya wiki nyingi. Kabla ya safari niliwatembelea nyumbani kuona kama mambo yatakwenda. Miguu ilikuwa miwili na vilima vingi, kwa hiyo nilichagua maskini. Kibarua mmoja wa Magwagwa nilimwendea mara tatu.

Ndipo akaja Mama Nyaboke, ana uvimbe kwenye titi. Mumewe alikuwa na duka, shamba lao la chai lilijaa kilima. Nikampa barua, nikaandika kwenye faili: ana uwezo. Sikuuliza la pili.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Uvimbe ulikuwa umepasuka, na Nairobi hakuwa amefika.

“Nani alikwenda kwake?” Msaidizi wa Daktari aliuliza.

“Hakuna, Bwana. Ana uwezo.”

“Uwezo wa nini?”

Mama Nyaboke alijibu badala yangu, macho chini. “Sista, nauli iko. Watoto nitaachia nani? Mzee anashinda dukani. Tangu tupande chai tunaandika vibarua, mimi nikatoka kwa egesangio. Sasa nikiugua nibishe mlango wa nani? Hata usingizi sipati.”

Egesangio ni kundi la wanawake wanaopaliliana mashamba kwa zamu. Asiyelima kwa wenzake hana zamu ya kudai, na kibarua akishalipwa huenda kwake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Jioni hiyo nilipanda kilima chake kumtafuta kiongozi wa kundi.

“Huyo alituona washamba,” alisema, bila kunikaribisha kiti. “Amekutuma?”

“Amenituma,” nikadanganya.

Nilidhani atanifukuza.

“Basi watoto watakula kwangu,” akasema. “Mwambie aende.”

Wenzake wa kundi waligawana kazi za kuchunga ng'ombe, kutafuta kuni na kumsindikiza hadi kwenye basi. Mama Nyaboke alilia kuwaona. Alikwenda, akapigwa miale, akarudi, akaishi miaka miwili. Barua ya daktari wa Nairobi ilisema angefika mapema, huenda angepona.

Sasa nimestaafu. Enyi wauguzi vijana, umaskini unaua, nimeuona, ulizeni kipato. Lakini mkishakiandika msifunge faili, maana hofu ya mgonjwa huwezi kuipima kwa ukubwa wa shamba lake.

Nyaboke, bintiye, hunijia kila msimu na mkungu wa ndizi kunishukuru kwa kumfikisha mama yake Nairobi. Napokea, namkaribisha chai. Habari ya ile miezi mitatu sijamwambia.