Nge Aliyepanda Suruali ya Bruno

Nimewahi kumwona mwanamume mzima, suti ya kijivu, tai nyekundu, akiruka juu ya kiti mbele ya ukumbi uliojaa wasomi kwa sababu ya nge.

Nge mwenyewe hakuwepo.

Tulieni niwasimulie. Haya yalitokea Lodwar, na kama ulikuwa ukumbini siku hiyo, nitetee huko chini kwenye maoni, maana najua kuna watakaosema natunga.

Naitwa Akaale. Nilikuwa mwaka wa mwisho kampasini, nasoma Kiswahili na historia. Huyo mwanamume aliitwa Bruno Adome, mwaka wa mwisho vilevile, anasoma takwimu. Kama kuna mtu nimewahi kumdharau kwa moyo wangu wote, ni Bruno Adome.

Adome ni jina la Kiturkana kabisa. Lakini ukimsalimia Bruno kwa Kiturkana, anakuangalia kana kwamba umemkanyaga.

"Hiyo lugha hainipandi," alikuwa akisema. "Mimi ni mtoto wa Kitengela. Lodwar nimeletwa na masomo tu."

Joto la Lodwar mnalijua. Yeye alikuwa anavaa koti. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na bado koti havui, eti msomi ni mwonekano.

Sasa, kila mwaka kampasi yetu huwa na Siku ya Utafiti wa Wanafunzi. Kila anayemaliza anasimama mbele na kueleza alichochunguza.

Mwaka wetu kulikuwa na kila kitu. Majok, rafiki yangu Mdinka kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alichunguza vijidudu vya maziwa ya ngamia. Kuna aliyechunguza samaki wanavyokaushwa kule Kataboi. Mwingine alienda Lokitaung kuwauliza wazee wanakumbuka nini kuhusu gereza la wakoloni.

Mimi nilichunguza salamu. Waturkana na wakimbizi wanasalimiana vipi sokoni Kakuma kabla ya kuanza kugombania bei.

Bruno aliposikia, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Utafiti wa hujambo-sijambo! Akaale, si ungebaki nyumbani tu usalimie majirani? Sisi wengine tunashughulika na maji."

Ningempuuza. Shida ni kwamba maji aliyokuwa anashughulikia yalikuwa ya shangazi yangu.

Shangazi Amuria anaishi nje kidogo ya Kakuma, ng'ambo ya laga, yaani ule mto unaokuwa mchanga mtupu mwaka mzima isipokuwa mvua inaponyesha. Shirika moja liliwawekea pampu ya sola na tangi. Wakapigwa picha, wakakata utepe, wakapewa soda.

Pampu ikafanya kazi kidogo, ikafa.

Shirika lilikuwa na mpango wa kufunga mradi na kuhamishia mafundi wake kwingine. Kabla ya kufunga, likataka kujua kama wakazi wameridhika. Badala ya kutuma watu wake, likaja kampasini: mwanafunzi afanye huo utafiti, matokeo yasomwe Siku ya Utafiti, na atakayefanya vizuri ataajiriwa.

Bruno akaichukua hiyo kazi kabla sisi wengine hatujasoma tangazo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa rahisi kuelewa. Bruno akisema watu wameridhika, mafundi wanaondoka, na pampu ya shangazi inabaki maiti.

Wiki chache baadaye nikaenda kumtembelea shangazi. Nilimkuta ndani ya shimo kwenye laga, mchanga umemfika kiunoni, anachota maji kwa kikombe na kumimina kwenye mtungi. Mbuzi wamepanga foleni nyuma yake.

Shangazi tangu nianze chuo ananisemesha Kiswahili, eti nisije nikakisahau.

"Shangazi, kuna kijana alikuja kuuliza habari ya pampu?"

"Pampu? Hakuna mtu nauliza pampu."

"Amevaa koti. Anasema alizunguka kijiji chote."

"Aaa, huyo! Huyo nakuja na pikipiki. Hata hakushuka. Ananyoosha mkono kwa tangi, nasema, 'Ejok?' Mimi nasema, 'Ejok.' Anaandika kitu, naenda kwa jirani. Nasema, 'Ejok?' Jirani nasema, 'Ejok.' Mimi nafikiri ni mtu ya heshima, nasalimia kila nyumba."

Nikakaa chini kwenye mchanga.

Kwa msiojua Kiturkana: ejok maana yake ni nzuri, njema. Na ndiyo salamu yetu. Ukimwambia mtu "Ejok?" atakujibu "Ejok" hata kama ng'ombe wake wote wameibiwa jana. Kwanza mnasalimiana, halafu ndiyo habari zinaanza kutoka polepole.

Bruno aliuliza salamu, akapokea salamu, akaandika kwamba maji ni mazuri.

"Na suruali yake!" Shangazi alikuwa bado anacheka. "Mimi naambia jirani kwa Kiturkana, huyu mtoto wa watu fundi wa nguo alimnyima kitambaa. Basi yeye navuta shati chini, navuta shati chini!"

Tukacheka wote wawili. Sikufikiria zaidi ya hapo, na ningefikiria ningejua kila kitu siku ileile.

Nilirudi Lodwar nikamfuata Bruno. Nilimkuta kibandani anakunywa soda.

"Bruno, 'ejok' ni salamu. Hujauliza mtu yeyote swali."

"Mimi niliuliza kwa lugha yao. Nilijifunza neno moja, nzuri, nikalitumia kwa kila mtu vilevile. Hiyo ndiyo sayansi, madam. Swali moja, watu wengi."

"Pampu imekufa! Umeiona kwa macho yako!"

"Mimi sipimi pampu. Napima kuridhika."

Niambieni nyinyi, mtu kama huyo unamfanyia nini?

Niliandika barua pepe kwa kamati. Wakanijibu kwamba maswali yote yaulizwe siku yenyewe, baada ya mwasilishaji kumaliza. Nikasema sawa. Nikamtumia shangazi nauli, aje awe mgeni wangu.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa. Mbele ameketi mama wa shirika, mgeni kutoka Nairobi, shanga za Kiturkana shingoni kwa ajili ya siku hiyo. Kando yake ni Daktari Epuyo, mwenyekiti wetu, mguu mmoja umefungwa plasta hadi gotini kwa sababu boda boda ilimwangusha karibu na soko. Aliingia kwa magongo, anatoa jasho.

Mimi nikawasilisha salamu zangu. Watu wakapiga makofi ya adabu. Majok akawasilisha maziwa yake, na watu wakaapa hawatakunywa tena, ingawa jioni wote walikunywa.

Kisha Bruno.

Jamani, michoro! Maduara ya rangi, mishale, mistari. Akatembea jukwaani kana kwamba amenunua ukumbi. Akafika kwenye duara la mwisho, karibu lote ni kijani.

"Kama mnavyoona, karibu kila mkazi aliyehojiwa aliieleza huduma ya maji kwa neno lake mwenyewe: nzuri."

Mama wa shirika alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Shangazi, pembeni yangu, aliniuliza ni maji ya wapi hayo.

Nikainua mkono. Nikapewa maiki.

"Kabla ya swali, naomba nimsalimie mwenyekiti. Daktari Epuyo, habari yako?"

"Nzuri sana, Akaale."

"Na mguu?"

"Salama tu, tunashukuru."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Majok. Halafu safu yake. Halafu Daktari Epuyo mwenyewe akautazama mguu wake, akaelewa nilipokuwa naenda.

"Bruno," nikasema, "andika basi. Daktari ni mzima, amesema kwa neno lake mwenyewe. Mfungue plasta aende nyumbani."

Ukumbi ukalipuka.

Nikaeleza yote. Pikipiki ambayo hakushuka, mkono kwa tangi, ejok kwa ejok. Niliposema kwamba mwanamke aliyehojiwa ameketi hapa pembeni yangu, na kwamba hiyo asubuhi amechimba mchanga ili apate maji ya kunawa uso aje kwenye sherehe yenu, watu wakageuka kumtazama.

Nikajua nimeshinda.

Wapi! Hamwajui wasomi.

Bruno akashusha mabega, akaweka uso wa mtoto wa kanisani. "Nakubali kulikuwa na kikwazo cha lugha. Wote mnajua mimi sikukulia huku. Sijui Kiturkana hata kidogo. Niliambiwa ejok ni nzuri, nikaamini. Ni kosa la nia njema."

Mwalimu mmoja akasema kosa la nia njema ni sehemu ya kujifunza. Mwingine akasema liandikwe tu chini ya vikwazo vya utafiti, matokeo yabaki. Mama wa shirika akaangalia saa yake, akasema kweli, ripoti yoyote ina vikwazo, na tarehe ya kufunga mradi imeshapangwa.

Yaani kiu ya kijiji kizima ilikuwa inageuzwa kuwa mstari mmoja mdogo chini ya ukurasa. Nilihisi machozi ya hasira yananichoma, nikaing'ang'ania maiki.

Shangazi akaichukua mkononi mwangu.

Hakusimama. Hakupaza sauti. Alimtazama Bruno aliyekuwa amerudi kitini kwake mbele, akasema maneno machache kwa Kiturkana, kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

Bruno akaruka.

Aliruka na miguu yote miwili akatua juu ya kiti, anajipigapiga suruali, tai imemfunika uso, anapiga kelele, "Wapi? Wapi? Mtoeni!"

Nusu ya ukumbi ilikuwa inacheka mpaka inalia. Nusu nyingine, wale wasiojua Kiturkana, walikuwa wamekaa tu wanashangaa.

"Amesema nini?" mama wa shirika akauliza.

Daktari Epuyo alikuwa anafuta macho. "Amemwambia kuna nge anapanda suruali yake."

"Nge!" Mama akainua miguu. Kisha akaishusha polepole. Akamtazama Bruno kule juu ya kiti. "Lakini... si amesema hajui Kiturkana?"

Bruno alikuwa bado amesimama juu ya kiti na hakuna njia nzuri ya kushuka kwenye kiti mbele ya watu wote hao.

Ndipo nikakumbuka shati alilolivuta chini kule kijijini aliposikia utani wa shangazi kwa Kiturkana.

Alijua. Mtoto wa Kitengela alijua Kiturkana chote, matusi, utani na majina ya wadudu. Alijua ejok ni salamu tangu ananyonya. Aliichagua kwa sababu ndiyo swali pekee ambalo jibu lake linajulikana kabla ya kuuliza. Shirika lilitaka nzuri, akaenda kuokota nzuri nyumba kwa nyumba, injini ikiwaka.

"Shuka, mtoto yangu," shangazi akamwambia, sasa kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Salamu tulimaliza siku ile. Sasa uliza maji."

Na aliuliza. Daktari Epuyo alimlazimisha. Bruno Adome, mbele ya ukumbi, kwa Kiturkana safi cha nyanya yake, aliuliza hali ya maji, akalazimishwa kutafsiri jibu neno kwa neno. Shangazi alijibu kwa muda mrefu. Alianza na pampu, akaja kwenye mashimo, akaja kwenye matumbo ya watoto. Mama wa shirika aliacha kuangalia saa.

Fundi alikwenda kijijini kabla mwezi haujaisha. Maji yakatoka. Shangazi aliniwekea simu karibu na bomba niyasikie, na sikuona aibu kulia njiani.

Hapo ndipo mngetaka iishe, sivyo? Bruno afukuzwe, akachunge mbuzi?

Bruno ameajiriwa.

Ndiyo. Na shirika lilelile. Baada ya ule ukumbi, waligundua kwamba tatizo lao kubwa Kakuma ni kukosa wakalimani, na hapa wameona kijana msomi anayejua Kiturkana vizuri namna ile. Ana gari, ana kadi shingoni, na cheo chake ni mshauri wa lugha na utamaduni wa wenyeji. Mimi na utafiti wangu wa salamu bado natuma maombi ya kazi.

Basi msiniletee habari za haki. Funzo langu ni dogo: mtu akikujibu salamu, hajakujibu swali. Uliza tena, halafu zima injini, shuka, ukae.

Juzi nilikutana naye sokoni Kakuma. Alisimamisha gari, akashusha kioo, ubaridi wa ndani ukanifikia usoni. Akatabasamu kama watu waliosoma pamoja.

"Akaale! Ejok?"

Nikamwangalia. Nikamdharau vizuri, kuanzia kadi mpaka tai.

"Ejok," nikamjibu.

Akafurahi, akapandisha kioo, akaenda zake akiamini kwamba nimemsamehe.