Germaine na Mteremko wa Kabasha

Gia za gari la Germaine zilianza kuteleza alipokuwa akipanda mlima wa Kabasha, akirudi Butembo kutoka Beni na madumu ya mawese. Alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likatambaa tu kama limefungwa kamba nyuma. Lori la mbao likampita. Alipofika nyumbani, chini ya gari kulinuka kitu kilichoungua.

Lilikuwa gari la zamani, otomatiki. Madereva wa parking walikuwa wamelicheka tangu alipolinunua, wakisema gari lisilo na embrayage, yaani klachi, ni la watu wa miji tambarare. Germaine hakujibizana nao. Alipeleka vitambaa vya wafanyabiashara Beni, akarudi na mawese, na kwa kazi hiyo aliacha kuuza unga sokoni, ambako alikuwa amebeba magunia mpaka mgongo ukakataa.

Siku asizosafiri, gari liliendeshwa njia hiyo hiyo na Mathe, mdogo wa mume wake. Huyo alikuwa tayari amepata mnunuzi wa Eringeti, aliyetaka injini peke yake.

"Semeki, boîte imekufa," Mathe alimwambia shemeji yake, akimaanisha boksi la gia. "Uzisha motokari. Utarudia ku unga yako, njo kazi ya bamama."

"Banazikaka mugonjwa mbele docteur amuone?" Germaine akamuuliza, akalipeleka gari kwa fundi Gamaliel. Mathe akafuata.

Kwa fundi, Mathe alidai mafuta ya boîte yalikuwa yamejaa, kwa sababu aliyapima kila asubuhi injini ikiwa imezimwa, kama anavyopima ya injini. Gamaliel akasema ya boîte hupimwa yakiwa moto na injini ikiwaka. Akaendesha mpaka gari likapata moto, akaliacha likiunguruma, akapitisha mkono wa gia kila mahali, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwa chini ya alama, na hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa ya kahawia, na yalinuka.

Mathe akatabasamu. Gamaliel akamwonya Germaine kwamba wakifungua chini na kukuta vipande vya chuma, hana la kumfanyia.

"Fungua," Germaine akasema.

Kwenye sumaku iliyo ndani ya karai la chini kulikuwa na tope jembamba la kijivu, la uchakavu wa kawaida, bila kipande hata kimoja. Mpira unaopeleka mafuta kwenye radiyeta ulikuwa ukitokwa jasho. Lakini uvujaji ule ulieleza upungufu tu. Harufu ya kuungua ilitoka wapi? Gamaliel akauliza wanateremkaje Kabasha.

Germaine alisema yeye hushuka na gia ndogo, injini ikiwaka. Mathe akacheka. Yeye akifika juu kabisa huweka point mort, gia huru, anazima injini, na gari linajishukia lenyewe mpaka chini, ili kuokoa benzini. Ndivyo alivyofundishwa kwenye lori la baba yake, na ndivyo wanavyofanya madereva wengi wa barabara ile.

"Donc ni wewe unaiua," Gamaliel akasema. Akamweleza kwamba katika otomatiki, injini ndiyo inayosukuma mafuta ya boîte. Ikizimwa, magurudumu yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu.

Mathe alisema basi, kama imeharibika, ni sababu nzuri zaidi ya kuiuza. Germaine akanyoosha mkono.

"Leta ufunguo."

"Semeki, unanipatisha haya mbele ya batu."

"Ile haya, uliizima pamoja na moteri."

Ufunguo ukatolewa.

Gamaliel alibadilisha mpira, chujio na mafuta. Hakuficha kwamba gia ya tatu itateleza bado gari likipata moto, wala hakuahidi litadumu mpaka lini. Germaine alijaza vitambaa, akashuka Kabasha injini ikiwaka, huku akiiona benzini ikipungua. Wakati wa kupanda na mawese, gia ikateleza. Akairudisha ya pili, gari likashika, likapanda polepole.

Uani kwake alimkuta Mathe amekaa na mnunuzi wa Eringeti, bisibisi na funguo za kufungulia injini ziko tayari. Germaine akamsalimu mgeni kwa heshima, akainua boneti.

"Gusa, papa," akamwambia. "Iko moto. Kesho inarudia Beni."