Shati la Mwaka Mzee

Miaka ishirini na miwili Wilfrido Tumbaco aligonga mihuri katika ofisi ya ardhi mjini kwetu Guayaquil, na miaka yote hiyo mikono ilikuwa ikimwasha. Alipotimiza arobaini na tisa akamwekea bosi wake, Galo, barua mezani, akaenda zake Mtaa wa Sita Machi kutengeneza masanamu ya Mwaka Mzee. Masanamu ya makaratasi, ndiyo! Yale ya kupigwa mikanda na kutiwa moto Desemba thelathini na moja, kuuaga mwaka. Mtu mwenye kiti na feni yake anaacha vyote, anakwenda kubandika magazeti kwa gundi ya unga. Sisi wa ofisini tulicheka mpaka tukashika mbavu, sisemi uongo.

Ila alikuwa na furaha, jamani, na hilo ndilo lililotuudhi zaidi. Alichemsha gundi huku anaimba. Kabla ya kumkabidhi mteja sanamu, alijificha nalo nyuma ya pazia akalinong'oneza, "Nisamehe, mwanangu, ndiyo kazi." Hilo hakuna aliyelijua ila mkewe, Narcisa.

Narcisa yeye hakuimba. Galo alikuwa amesema kile kiti kitabaki wazi hadi mwaka mpya, basi mama wa watu akawa analala na kiti, anaamka na kiti.

"Rudi, Wilfrido. Umri huu wenzako wanatafuta pa kuegemea, wewe unatafuta pa kuchezea."

"Nipe Desemba hii tu. Wale wa ofisini waione kazi yangu. Wakiniita fundi, uniache na gundi yangu. Wasiponiita, nitarudi kwa miguu yangu mwenyewe."

"Haya. Tutaona."

Katikati ya mwezi akaja Jacinto, waliyekaa naye meza moja miaka kumi na miwili, ameleta agizo la ofisi. Walitaka sanamu la mtu wa makamo, urefu wa mtu, na kitambi kidogo.

"Kichwa na nguo tutaleta wenyewe, kaka. Kuna mkubwa mmoja tunamfanyia mzaha. Nawe uje siku yenyewe, saa kumi alasiri, na shemeji. Utakaa mbele, mgeni rasmi!"

Wilfrido alifurahi kama mtoto siku ya Krismasi. Alilijenga lile sanamu tabaka juu ya tabaka, akachonga vidole kimoja kimoja mpaka kucha. Seremala wa jirani alivitazama akasema vidole vile vikipewa kalamu vitasaini.

Siku ikafika. Uani pa ofisi palijaa watu, sanamu limesimama katikati limefunikwa shuka. Jacinto alikuwa amevaa gauni jeusi na nywele za bandia, mjane wa Mwaka Mzee, anajigaragaza vumbini. "Mume wangu weee! Umeniachia nani?" Nasi tukimtupia sarafu, kama desturi. Galo akavuta shuka.

Uso ulikuwa wa Wilfrido, picha ya kitambulisho chake cha kazi imekuzwa. Watu wakapasuka kwa kicheko. Naye akacheka, kwa sababu kwetu anayechomwa hanuni. Ukinuna utachomwa na mwakani. Alicheka mpaka macho yalipoangukia shati. Shati la buluu, doa la wino mfukoni, kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Juzi tu lilikuwa kabatini mwake. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Galo akakunjua wosia wa marehemu, akausoma kwa sauti ya padri.

"Mimi, Mwaka Mzee Tumbaco, niliyeacha mihuri nikaoa magazeti, nagawa mali yangu. Gundi nawaachia mende. Wanangu wa karatasi, niliokuwa nikiwanong'oneza, 'Nisamehe, mwanangu, ndiyo kazi,' nawaachia kiberiti."

Ua mzima ukalia kwa kicheko. Wilfrido aligeuka polepole akamtazama mkewe. Narcisa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na kiti changu," Galo akamalizia, "namwachia mpwa wa Jacinto. Anaanza Jumatatu, ameshasaini."

Hapo Narcisa akainua kichwa. Akamwendea Galo, akamshika mkono. Sisi wa nyuma hatukusikia kitu. Maneno yenyewe tuliyajua baadaye.

"Si uliniahidi, bwana? Ulisema nikikupa shati na siri zake ataona haya, atarudi kwenye kiti! Uliniapia!"

"Mama, leo siku ya mzaha," Galo akasema, akijinasua. Akamgeukia Wilfrido na kumpa kiberiti. "Kazi nzuri hii. Fundi, washa!"

Fundi. Ndiyo, alimwita fundi, na watu wote wakaitikia, "Fundi! Fundi! Fundi!"

Wakalichapa sanamu kwa mikanda, wakalipiga mateke. Halikupasuka hata mshono mmoja. Wilfrido akalisogelea, akainama sikioni mwake kwa mazoea. Ua ukanyamaza kumsikiliza. Akakumbuka, akafunga mdomo, akawasha.

Narcisa akaanguka magotini mbele ya moto. "Mume wangu! Nimemchoma mume wangu kwa mikono yangu!"

Basi tukapiga makofi. Tulidhani ni mjane wa pili, na kweli alimshinda Jacinto kwa mbali. Jacinto mwenyewe alikubali kushindwa, akavua nywele zake za bandia akamvika. Sarafu zikamwangukia mapajani, nami nilitupa yangu.